Baunsa Akikukatalia Mlangoni kwa Sababu ya Rangi: Namna ya Kudai Haki Yako Ujerumani

Ubaguzi wa mlangoni ni wa haraka mno. Vijana wanne wa Kiafrika wamepanga foleni nje ya klabu, mavazi safi, vitambulisho mkononi, hakuna aliyelewa. Baunsa anawatupia jicho na kusema leo haiwezekani. Wanne waliokuwa nyuma yao, wa umri uleule na viatu vya aina ileile ila ngozi nyeupe, wanapita bila kuulizwa neno. Walioachwa nje hurudi nyumbani na hasira zao, hulisimulia kwenye grupu la WhatsApp, wenzao huwapa pole, na jambo hufia hapo.

Halipaswi kufia hapo. Sheria ya Ujerumani inakataza jambo hilo tangu Agosti 2006, na mahakama za huko zimewaamuru wenye klabu kulipa fidia zaidi ya mara moja. Madai mengi huharibikia sehemu mbili: ushahidi haukukusanywa usiku uleule, au muda wa kudai, ambao ni miezi miwili tu, uliachwa ukapita. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, muuguzi, kijana wa „au pair“ (anayeishi na familia akiwalea watoto wao), fundi au mkimbizi anayeishi Ujerumani na anayetaka kulifuatilia jambo lake hadi mwisho. Sehemu ya mwisho inawahusu viongozi wa vyama vya Waafrika na wenye klabu.

Sheria inasemaje

Sheria yenyewe inaitwa Allgemeines Gleichbehandlungsgesetz, na kila mtu huiita AGG. Mwenye klabu ana mamlaka juu ya mahali pake; Wajerumani huyaita Hausrecht, na neno hilo utalisikia sana mlangoni. Kwa mamlaka hayo anaweza kumkataa mlevi, mgomvi, au aliyekuja na ndala. Hawezi kumkataa mtu kwa rangi yake au asili yake. Kifungu cha 19 kinakataza, na kifungu cha 20, kinachoruhusu tofauti fulani zikiwa na sababu ya msingi, hakikuweka rangi wala asili kati ya tofauti hizo.

Huenda ukaambiwa kwamba mahakama kuu ya Ujerumani imeshawaruhusu wenye klabu kuchagua wateja. Hukumu inayotajwa ni ya Mei 2021: mwanamume wa miaka 44 alikataliwa kwenye tamasha la muziki Munich kwa kuonekana mzee, akashindwa kesi. Usiyumbishwe nayo. Kesi ile ilihusu umri, na umri unalindwa tu katika biashara zinazompokea yeyote bila kujali ni nani. Rangi na asili zina ulinzi mpana zaidi, unaogusa huduma zote zinazotangazwa kwa umma.

Kifungu cha 22 ndicho rafiki yako mkubwa. Hutakiwi kuthibitisha nia iliyokuwa moyoni mwa baunsa. Unatakiwa uthibitishe dalili zinazoelekeza kwenye ubaguzi. Ukifaulu, mzigo unahamia kwa mwenye klabu, na ni yeye atakayethibitisha kwamba hakubagua. Ndiyo maana kazi yote ya usiku ule ni kukusanya dalili.

Kuhusu fedha, usitarajie utajiri. Mahakama ya rufaa ya Stuttgart, Desemba 2011, ilimpa kijana mweusi euro 900 baada ya kukataliwa disko mjini Reutlingen, ingawa mahakama ya chini ilikuwa imemnyima fidia kwa hoja kwamba jambo halikuwa zito vya kutosha. Bremen mwaka 2011 ilikuwa euro 300, Hannover mwaka 2013 euro 1,000. Pamoja na fedha unaweza kudai klabu izuiwe kurudia, na kwa wengi hilo ndilo lenye uzito.

Usiku wenyewe

Kwanza uliza sababu. Sentensi fupi yatosha: „Warum darf ich nicht rein?“, yaani kwa nini siruhusiwi kuingia. Iseme kwa upole, wenzako wakisikia. Baunsa anayejibu kwamba weusi waliomo ndani wanatosha amekupa dalili nzito kuliko nyingine zote. Anayejibu „leo ni wateja wa kawaida tu“, yaani wale wanaokuja mara kwa mara, amekupa kauli inayoweza kupimwa. Anayekataa kujibu naye umempata, maana baadaye akija na sababu mahakamani utauliza kwa nini hakuitaja mlangoni.

Pili, mtazame kifuani. Mlinzi wa kampuni ya ulinzi anayesimama mlangoni mwa disko anatakiwa kisheria avae beji inayoonekana, yenye jina lake au namba, pamoja na jina la kampuni. Andika namba hiyo. Kama hana beji, andika kwamba hakuwa nayo. Wapo mabaunsa walioajiriwa na klabu yenyewe, na hao kanuni hiyo haiwabani. Hapo andika umbo, mavazi, ndevu, chochote cha kumtambulisha.

Tatu, tafuta mashahidi, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Katika kesi ya madai Ujerumani, mdai hahesabiwi kuwa shahidi wa kesi yake. Mkikataliwa wanne na wote wanne mkafungua kesi moja, mnaweza kufika mbele ya hakimu mkiwa wadai wanne bila shahidi hata mmoja. Utaratibu mzuri ni wote kupeleka madai yao kwa barua ndani ya muda, kisha mmoja atangulie mahakamani na watatu wabaki mashahidi wake. Muulize wakili namna ya kuyapanga madai ya wale watatu kabla ya kuwasilisha chochote. Bora zaidi ni shahidi asiyewajua kabisa: yule Mjerumani aliyekuwa nyuma yenu kwenye foleni akaruhusiwa. Mwombe jina na namba ya simu palepale. Wengi hukubali wakiombwa kwa adabu. Kesho yake huna pa kuwapata.

Nne, usiondoke mara moja. Vuka barabara, simama mahali pa wazi kwa dakika 15 hadi 20, hesabu wanaoingia na kukataliwa. Wanaume peke yao waliingia? Waliovaa raba je? Kuna mtu aliyeonyesha kadi ya uanachama? Piga picha ya tangazo la masharti lililobandikwa mlangoni na la bei ya kiingilio.

Simu yako inaweza kukuponza. Kurekodi sauti ya mtu kwa siri katika mazungumzo yasiyo ya hadhara ni kosa la jinai Ujerumani, kifungu cha 201 cha sheria ya jinai, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka mitatu. Usifiche simu mfukoni ikirekodi. Wala usirushe uso wa baunsa TikTok, maana atakushtaki wewe, na kesi yako itageuka kuwa kesi yake.

Ukiambiwa ondoka, ondoka. Anayeng'ang'ania ndani ya eneo la klabu anaweza kushtakiwa kwa kukaa mahali pa mtu bila idhini yake, na hiyo ndiyo zawadi anayoingoja mwenye klabu. Kama umesukumwa, umepigwa au umetukanwa kwa rangi yako, piga 110. Polisi wana uwezo wa kuandikisha jina halisi la baunsa, jambo ambalo wewe huwezi kumlazimisha. Baadhi yao watakwambia ni Hausrecht ya klabu na hakuna la kufanya. Usibishane, omba namba ya kumbukumbu ya tukio. Shtaka la matusi linahitaji maombi yako mwenyewe, yaani Strafantrag, ndani ya miezi mitatu.

Kuandika kabla ya kulala

Kila mmoja aandike peke yake, bila kusikiliza simulizi ya mwenzake. Wajerumani huuita waraka huo Gedächtnisprotokoll, na mahakimu huuheshimu kwa sababu umeandikwa kumbukumbu ikiwa mbichi. Maandishi manne yanayofanana neno kwa neno hutiliwa shaka. Manne yanayotofautiana kidogo kwenye mambo madogo na kukubaliana kwenye kiini huaminika.

„Walitubagua vibaya sana“ haisaidii. Andika hivi: „Saa 23:40 tulifika mbele ya foleni. Tulikuwa wanaume wawili na wanawake wawili. Baunsa mrefu, jaketi jeusi, beji namba 17, alitazama nyuso zetu, hakuomba vitambulisho. Alisema: Heute nicht. Niliuliza kwa nini. Alisema: Ist halt so. Saa 23:43 waliingia wanaume watatu weupe, mmoja akiwa na raba nyeupe, hawakuonyesha kadi.“ Maneno ya Kijerumani (hapa „leo hapana“ na „ndivyo ilivyo“) yaache kwa Kijerumani kama ulivyoyasikia, hata kama huna hakika na tahajia.

Kuhusu saa, andika kwa mtindo wa Kijerumani tangu mwanzo. Saa tano na dakika arobaini usiku ya Kiswahili, ikipita mikononi mwa mfasiri asiye makini, inakuwa 5:40 alfajiri, na tofauti ya saa sita inatosha kumfanya wakili wa upande wa pili aseme huyu hata hajui alikataliwa lini. Na tarehe hivyohivyo: tukio la saa 00:20 ni la Jumapili, ingawa wewe ulitoka nyumbani Jumamosi. Ziandike siku zote mbili: „usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili“, na tarehe zake.

Visingizio na namna ya kuvipima

„Wateja wa kawaida tu.“ Uliza wateja hao hujulikanaje, na kama kuna kadi ya uanachama, uliza inanunuliwa wapi. Omba kuinunua. Shahidi Mjerumani aliyeingia siku hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake anakibomoa kisingizio hiki chote.

„Ni sherehe ya watu binafsi.“ Piga picha ya skrini ya tangazo la usiku ule kwenye tovuti na Instagram ya klabu, tarehe ikionekana, usiku uleule, maana matangazo hufutwa. Sherehe iliyotangazwa na inayouza tiketi mlangoni si ya watu binafsi.

„Wanaume wamezidi ndani.“ Hiki ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu kupunguza makundi ya wanaume ni jambo klabu nyingi hufanya kwa yeyote. Dalili yako hapa ni hesabu: makundi mangapi ya wanaume weupe yaliingia baada yenu. Bila hesabu hiyo, dai lako ni dhaifu, na ni vyema ulijue mapema.

„Tunakubali kitambulisho cha Kijerumani tu.“ Pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo inatosha kuthibitisha umri. Sharti linaloonekana la watu wote lakini kwa vitendo linawafungia nje wageni linaweza kuwa ubaguzi usio wa moja kwa moja chini ya kifungu cha 3. Mwenye kibali cha ukaazi atembee nacho pamoja na pasipoti, kisingizio kipungue.

Barua, ndani ya miezi miwili

Kifungu cha 21 kinataka dai lipelekwe ndani ya miezi miwili. Ulikataliwa tarehe 14 Machi? Hakikisha barua imeshafika mikononi mwao kabla ya tarehe 14 Mei, na usisubiri wiki ya mwisho. Hili ni dai tu, bado si kesi; ukishalipeleka kwa wakati, mlango wa mahakama unabaki wazi kwa muda wa kawaida wa miaka mitatu, unaohesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka wa tukio.

Barua iende kwa nani? Jina lililoandikwa kwa taa juu ya mlango mara nyingi si jina la kisheria. Fungua tovuti ya klabu, tafuta ukurasa uitwao Impressum, ambao biashara hulazimika kuuweka: pale utakuta jina la kampuni, mkurugenzi na anwani. Kama tukio liliandaliwa na promota aliyekodi ukumbi, mwandikie yeye na mwenye ukumbi pia.

Barua iwe fupi: tarehe, saa, mahali, kilichotokea, majina ya mashahidi, kisha sentensi hii: „Hiermit mache ich Ansprüche aus § 21 AGG wegen Benachteiligung aufgrund rassistischer Zuschreibung und ethnischer Herkunft geltend.“ Maana yake unadai haki zako za kifungu cha 21 cha AGG kwa kubaguliwa kwa rangi na asili. Taja kiasi unachodai, taka ahadi ya maandishi kwamba hawatarudia, na wape siku 14 za kujibu. Ipeleke kwa rejista yenye hati ya mpokeaji, yaani Einschreiben mit Rückschein, au mtume rafiki aisome, aifunge mwenyewe na kuitumbukiza kwenye sanduku lao, kisha aandike siku na saa. Nakala itume kwa baruapepe.

Usitaje kiasi kikubwa kwa hasira. Gharama za mahakama na mawakili hupanda kulingana na kiasi kinachodaiwa, na hugawanywa kulingana na aliyeshinda kiasi gani. Anayedai euro 5,000 akapewa 900 anaweza kujikuta analipa sehemu kubwa ya gharama zote. Mawakili wengi huacha kiasi kwa hakimu na kutaja kima cha chini tu.

Jibu la klabu mara nyingi ni vocha na mwaliko wa vinywaji vya bure. Kupokea pole si kosa, lakini usisaini karatasi yenye neno „abgegolten“, kwani maana yake umekubali kwamba hudai tena.

Kwa dai la kiasi hiki, kesi husikilizwa Amtsgericht, mahakama ya ngazi ya chini, ambako sheria haikulazimishi kuwa na wakili. Hata hivyo mtafute. Mwenye kipato kidogo huenda Amtsgericht ya mtaani kwake na barua ya mshahara au ya Jobcenter (ofisi ya ajira na ruzuku), taarifa ya benki na mkataba wa nyumba, akaomba Beratungshilfeschein, hati ya msaada wa ushauri wa kisheria. Kwa hati hiyo wakili anaweza kumtoza euro 15 tu kwa ushauri na barua. Msaada wa gharama za kesi yenyewe huitwa Prozesskostenhilfe, na una shimo moja ambalo watu hawaambiwi: ukishindwa, haulipi wakili wa upande wa pili. Huyo utamlipa wewe.

Kabla ya yote hayo, fika kwenye ofisi ya ushauri dhidi ya ubaguzi, ambayo kwa kawaida ni bure. Berlin kuna ADNB, mtandao wa kupinga ubaguzi wa TBB, chama cha Waturuki wa Berlin na Brandenburg, na Each One Teach One inayowahudumia watu weusi. Leipzig, Dresden na Chemnitz kuna Antidiskriminierungsbüro Sachsen. Kwingineko, advd, mtandao wa ofisi hizi wa nchi nzima, una orodha. Ofisi hizi huandika barua pamoja nawe, hualika klabu kwenye mazungumzo, na husindikiza watu mahakamani. Antidiskriminierungsstelle, ofisi ya kupinga ubaguzi ya serikali kuu, nayo hutoa ushauri na kuomba maelezo ya klabu, lakini haitozi faini wala haikuwakilishi kortini. Jimbo la Niedersachsen lina njia ya ziada: tangu 2016 mwenye klabu anayebagua mlangoni anaweza kutozwa faini hadi euro 10,000, kwa hiyo peleka malalamiko kwa mamlaka ya biashara ya mji pia.

Jaribio la mlangoni

Klabu inapotajwa na watu wengi lakini kila tukio peke yake ni dhaifu, fanyeni jaribio. Kumbukumbu za bunge za AGG zenyewe zinalitaja kuwa njia ya kupata dalili, na majaribio hayo yamefanyika Leipzig, Munich na kwingineko.

Andaeni makundi mawili ya watu wawili au watatu, moja la weusi na moja la weupe. Kila kitu kilingane ila rangi: idadi, jinsia, umri usiopishana zaidi ya miaka miwili mitatu, aina ya mavazi na viatu, kiwango cha Kijerumani, na hakuna aliyekunywa. Pigeni picha ya makundi yote mawili kabla ya kutoka, ili mavazi yasibishaniwe baadaye. Kundi la weusi litangulie. La weupe lifuate baada ya dakika chache, likiwa na wageni wawili katikati. Wasisalimiane wala kutazamana. Mwangalizi mmoja asimame kando akiandika saa. Kundi la weupe likiingia, lilipe kiingilio, litunze risiti, likae nusu saa na kuangalia kama ukumbi umejaa kweli au kama kuna sherehe binafsi.

Kinachoharibu jaribio ni uchu wa kunasa. Kundi la weupe likiwa na mwanamke na la weusi halina, jaribio halifai. Klabu ikilikataa na kundi la weupe, hiyo nayo ni taarifa, iandikeni. Rudieni usiku mwingine, kwa watu wengine, kabla ya kusema lolote hadharani. Na kwa kuwa wakili wa klabu atadai kwamba wajaribu hawakuwa na nia ya kuingia, chagueni watu wanaopenda muziki wa pale na ambao kweli wangebaki kucheza.

Kwa vyama vyetu na wenye klabu

Jumuiya nyingi za Waafrika hutatua tatizo kwa kukodi ukumbi na kufanya usiku wao wa bongo fleva, rumba au afrobeats. Ni jambo jema, watu wanahitaji mahali pa kujiachia. Ila angalieni mkataba. Klabu inayowapokea Waafrika Ijumaa moja kwa mwezi na kuwafungia mlango Ijumaa tatu inawauzia ukumbi tu. Andikeni ndani ya mkataba kwamba masharti ya mlango ni yaleyale kila usiku, na kwamba mabaunsa ni walewale.

Mwenye klabu anayetaka kubadilika kweli anaanza na karatasi moja: masharti ya kuingia yaliyoandikwa, kubandikwa mlangoni na kuwekwa kwenye tovuti, kuhusu umri, mavazi, ulevi na ukubwa wa kundi. Sharti lisiloandikwika hadharani lisitumike. Kwenye kauli kama „changanya wateja vizuri“ anazopewa baunsa na meneja ndipo ubaguzi huzaliwa, kwa hiyo amri za mdomo za aina hiyo zifutwe. Kila anayekataliwa aambiwe sababu kwa sentensi moja na apewe kadi yenye anwani ya malalamiko, inayosomwa na mtu asiye mkuu wa mabaunsa. Mkataba na kampuni ya ulinzi uwe na kipengele cha kumwondoa mlinzi anayebagua, kwa sababu mbele ya sheria klabu haiwezi kujificha nyuma ya kampuni iliyoikodi.

Miji inaweza kusaidia pia. Uholanzi, Rotterdam ikiwemo, ilianzisha mabaraza ya mlangoni yaliyowakutanisha wenye klabu, manispaa, polisi na watetezi wa haki, na malalamiko ya aliyekataliwa yalisikilizwa humo. Chama kinachotaka baraza kama hilo mjini kwake kipeleke kwa baraza la wahamiaji la mji, Integrationsrat au Ausländerbeirat, faili la matukio ya miezi sita: tarehe, klabu, sababu iliyotolewa, jina la shahidi. Faili hilo mtu mmoja alishike, na kila anayekataliwa ajue ni nani wa kumpigia simu kabla hajalala.